KUKU NAYE ATAKA KITOWEO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme maneno machache juu ya kuku. Najua wenzangu wengine watacheka. Wao huandika juu ya nidhamu, michezo na mitihani, nami naja na kuku, kazi ambayo wavulana wengi husema ni ya akina mama. Lakini nawaombeni, wasomaji wapenzi, msome hata mwisho, kisha mkipenda mcheke.

Mimi ni mtu wa Singida. Mkoa wetu wajulikana sana kwa mambo mawili, nayo ni kuku wa kienyeji na alizeti. Kwetu kuku ndiye benki ya mama. Tangu mwaka 2016 ada ya shule za Serikali imeondolewa, toka kidato cha kwanza hata cha nne, nasi twashukuru sana; lakini godoro, ndoo, sabuni, madaftari na nauli ya basi havikuondolewa. Nilipokuja hapa kidato cha kwanza, godoro langu lilinunuliwa kwa bei ya jogoo watatu na mitetea wawili. Nimelala juu ya kuku wale kwa karibu miaka minne sasa, kwa hiyo sioni aibu kuandika habari zao.

Mwaka jana, katika likizo fupi ya mwezi wa Septemba, nilikwenda nyumbani nikakuta hali si njema. Nchi ilikuwa imekauka, majani yamekuwa makapi, na upepo wapeperusha vumbi. Kuku mmoja wa mama alikuwa ameangua vifaranga 11. Nilipofika walikuwa wamebaki watano, na siku ya kurudi shule walikuwa watatu. Mitetea wengine walikuwa hawatagi kabisa, tena walikuwa wakidonoana manyoya. Kila asubuhi mama aliwatupia konzi chache za pumba za mahindi, nao wakala wakamaliza, wakaenda kuparura mahali palipokwisha kuparurwa tangu juzi. Nilimwuliza bibi sababu. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, kuku wa kienyeji ndivyo walivyo. Wana msimu wao."

Nikarudi nyumbani tena mwezi wa Desemba. Mvua zilikuwa zimeanza. Jioni moja baada ya mvua kumbikumbi wakatoka ardhini kama moshi, na kuku wakawa kama wenye wazimu, wanakimbia huku na huku, wanaruka, wanakula mpaka kifuko cha shingoni kikawa kizito kama mfuko wa gololi. Na siku zile zote kulikuwa na panzi, minyoo, mende wa shambani na majani mabichi. Hazikupita wiki nyingi mitetea wakaanza kutaga mmoja baada ya mwingine. Bibi akaniambia, "Si nilikwambia? Wana msimu wao."

Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni nilijiuliza: huu msimu ni msimu wa nini hasa? Kuku hana kalenda. Jua la kwetu halirefuki wala halifupiki sana kama la nchi za Ulaya. Bibi alisema kweli, lakini nilitaka kujua sababu ya ukweli wake. Nadhani sasa naijua: msimu wa kuku si mwezi, ni kitoweo. Wadudu wakiwapo, kuku hutaga. Wadudu wakitoweka, huacha. Na kama ndivyo, basi si lazima tungoje mawingu. Hilo ndilo neno langu katika karatasi hii: kuku wetu si wavivu wala hawana laana, bali twawanyima kitoweo, na kitoweo chenyewe tunacho.

Nifafanue. Katika somo la Biolojia twafundishwa kwamba chakula kina wanga, mafuta, protini, vitamini na madini. Neno protini lilianza kuandikwa na wataalamu mwaka 1838, nalo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "cha kwanza". Nyama ya mwili hujengwa kwa protini. Unyoya wa kuku karibu wote ni protini. Yai la gramu 50 lina karibu gramu 6 za protini ndani yake. Basi kuku anayetaga hutoa mwilini mwake kitu kile kile ambacho sisi twakitafuta katika nyama na maharage. Atakipata wapi asipopewa?

Tazameni hesabu. Katika kila gramu 100 za mahindi mna gramu 8 au 9 tu za protini. Pumba za mahindi zina kama 10. Kuku anayetaga ahitaji chakula chenye gramu 16 hata 18 katika kila 100, na kifaranga, kwa kuwa anajenga mwili upesi, ahitaji 18 hata 20. Tena si wingi tu. Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna nyingi, na matofali hayo huitwa asidi amino. Mahindi yana upungufu mkubwa wa namna moja iitwayo lisini. Fundi akiwa na matofali elfu moja ya kawaida, lakini yale ya pembeni hana, ukuta hausimami, na matofali yaliyobaki hayana kazi. Ndivyo ilivyo kwa kuku aliyeshiba pumba. Tumbo limejaa, yai halipo.

Na sisi wanafunzi tusijifanye hatulielewi jambo hili. Twala ugali na maharage. Je, siku ambayo maharage yamepungua katika sahani, bweni zima halizungumzi habari nyingine? Hatusemi, "Ugali upo, tumeshiba, yatosha." Twasema, "Kitoweo kiko wapi?" Lakini tufikapo nyumbani twamtupia kuku ugali mkavu mwaka mzima, kisha twamtukana kwamba hatagi.

Watu watanijibu kwamba kuku wa kienyeji hujitafutia mwenyewe. Ni kweli, tena ni sifa yake kubwa. Asiyejua kujitafutia angalikwisha kufa zamani. Lakini hujitafutia kilichopo. Wakati wa masika hupata, wakati wa kiangazi kikali hapati. Anayefugwa mjini katika ua wa saruji hapati hata masika. Na kifaranga wa siku tano hawezi kufukua udongo mgumu wa Septemba. Mama yake amfukulia, naye mama hana la kufukua. Kujitafutia si hoja ya kutompa. Ni hoja ya kumwongezea kidogo tu palipopunguka.

Sasa nitaje vyakula vyenyewe, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kelele tu.

Cha kwanza ni mchwa. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika wajua kuwatega. Chukua chungu kibovu au kibuyu, ujaze mabua yaliyolowanishwa na samadi kavu ya ng'ombe, ukifudikize juu ya njia ya mchwa jioni, ukifunike jua lisikipige. Asubuhi mapema kifunue, utakuta mchwa wamejaa. Uwakung'ute mbele ya vifaranga. Gharama yake ni kuamka mapema, nasi wa bweni twaamshwa kwa kengele kila siku, kwa hiyo hatuna udhuru.

Cha pili ni mashudu ya alizeti, na hapa nasema kwa uchungu kidogo. Kwetu mashine za kukamua mafuta zipo, na magunia ya mashudu hupakiwa katika malori kwenda mbali, huku kuku walio nyuma ya mashine wala pumba. Mashudu yaliyokamuliwa pamoja na maganda yake yana kama gramu 25 hata 30 za protini katika 100. Tufanye ni 28. Ukichanganya kilo 2 za pumba na kilo 1 ya mashudu, utapata 10 na 10 na 28, jumla 48. Ukigawanya kwa 3 wapata 16. Tazameni, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi imemfikisha kuku kwenye chakula cha kutaga! Lakini mashudu yana makapi mengi, nayo vile vile yana upungufu wa lisini, kwa hiyo ni vizuri yapate mwenzake. Kunde zilizopikwa zina lisini. Soya ina protini nyingi, karibu 38 katika 100, lakini sharti ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwani soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisiisage protini. Maharage mabichi kadhalika yana sumu, yapikwe.

Cha tatu ni dagaa. Dagaa wakavu wasio na mchanga wana gramu 55 au zaidi katika 100, tena wana lisini tele. Kilo 7 za pumba, kilo 2 za mashudu na kilo 1 ya dagaa waliosagwa zatoa chakula chenye kama 18 katika 100, nacho chawafaa hata vifaranga wakipewa kimesagwa laini. Lakini mnunuzi awe macho. Tia kiganja kimoja cha dagaa katika bilauri ya maji, ukoroge. Mchanga utazama chini, nawe utajua umeuziwa samaki au umeuziwa ufuko. Wenye chumvi nyingi usiwape kuku kabisa, maana chumvi huwaua.

Cha nne ni majani. Majani makavu ya mlonge yana kama robo ya uzito wake protini. Lusina pia, lakini yapasa iwe kidogo sana, kwa kuwa ina sumu yake inayodhuru kuku akila nyingi.

Neno moja la kuonya juu ya yote haya. Chakula chenye ukungu, hata kiwe karanga, mahindi au mashudu, kitupwe. Ukungu huo huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo; kifaranga mdogo ataiweza wapi? Wala chakula kizuri si dawa ya mdondo. Kuku aliyelishwa vizuri asipochanjwa atakufa akiwa mnono. Chanjo ya tone la jicho ipo, na sharti irudiwe kila baada ya miezi michache.

Nafika sasa kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote. Nilipomweleza mama habari za dagaa, alinitazama akasema, "Mwanangu, mdogo wako hajaona dagaa tangu Jumapili, nawe wataka nimpe kuku?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiri swali hilo muhula mzima, na sasa jibu langu ni hili.

Mama ana haki. Ikiwa nyumbani mna bakuli moja la dagaa, dagaa hao ni wa watoto, na anayemwondolea mtoto kitoweo ili ampe kuku amekosea, hata awe na vitabu mia. Ndiyo sababu nimetaja mchwa kwanza na dagaa baadaye. Kumbikumbi wengine wetu twawala, tena ni watamu. Lakini mchwa wa chunguni, mashudu na vumbi la dagaa linalobaki katika gunia sokoni hakuna mtoto anayevigombea. Kazi ya kuku ni kugeuza kisicholika kiwe chakula. Tukimpa chakula chetu ni hasara. Tukimpa tusichokula ni faida tupu.

Lakini sitaishia hapo, maana hoja ya mama ina upande wa pili. Nyumbani kwetu, mayai yakipatikana, huuzwa au huachwa yaatamiwe. Mdogo wangu huyaokota, huyahesabu, huyapeleka dukani, wala hayali. Bibi husimulia kwamba ujanani mwake mwanamke mwenye mimba alikatazwa kula yai, yaani yule anayelihitaji kuliko wote. Ikiwa kuku ataongezwa kitoweo, nasi tutaongeza nini? Mimi naona wazazi wafanye sharti dogo: katika kila mayai yatakayozidi, moja kwa kila mtoto kila wiki libaki nyumbani. Hapo swali la mama litakuwa limejibiwa, kwani kitoweo tulichompa kuku kitarudi kwa mdogo wangu kikiwa kizuri zaidi.

Wengine watasema ni gharama na usumbufu. Nakubali kwamba si kila mtu aweza kununua mashudu ya kundi zima. Basi tuanze na vifaranga peke yao, maana wao ndio wafao wengi na ndio walao kidogo. Fuma tenga la fito lenye nafasi nyembamba, ulifudikize juu ya chakula kizuri. Kifaranga hupenya akala. Mama yake na jogoo hubaki nje wakitazama. Mwezi wa Desemba nilifuma moja kwa fito za mkonge. Ndani tuliweka pumba, mashudu aliyotupa jirani mwenye mashine, na mchwa nilionasa mwenyewe. Vifaranga walikuwa tisa, na nilipoondoka mwezi wa Januari walikuwa wanane, mmoja akiwa amechukuliwa na mwewe. Sisemi kwamba huu ni ushahidi wa kutosha. Ulikuwa msimu wa mvua, na wadudu walikuwako hata bila tenga langu. Mtu mwaminifu hawezi kujenga sheria juu ya vifaranga wanane. Lakini mama amelitunza tenga lile, naye si mtu wa kutunza takataka.

Kwa sababu hiyo naleta ombi kwa shule yetu. Nyuma ya bustani tunalo banda lenye kuku wachache, ambao nao hula pumba. Na jikoni mna sufuria ambazo kina chake hakionekani. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko wetu, makombo, maganda ya viazi na majani ya kabichi hutupwa shimoni kila siku. Kuna nzi mmoja mweusi, mrefu kidogo, ambaye wataalamu humwita nzi askari mweusi. Hana tabia ya kutua juu ya vyakula vyetu kama nzi wa nyumbani, na funza wake hula makombo kwa pupa, nao wakikaushwa wana kama gramu 40 za protini katika 100. Naomba Chama cha Kilimo kiruhusiwe kutengeneza pipa moja lenye mfuniko, mbali na jiko na mabweni, wafugwe funza hao. Mizoga isitiwe humo kamwe, kwa kuwa funza wa mizoga huweza kubeba sumu inayolegeza shingo ya kuku hata akafa.

Kisha tufanye jaribio la haki. Kuku wagawanywe mafungu mawili yanayolingana kwa umri na aina. Fungu moja lile pumba kama kawaida, la pili lile pumba na kitoweo. Maji yawe sawa, banda sawa, chanjo sawa. Mayai yahesabiwe kila jioni na kuandikwa daftarini kwa muhula mzima, na gazeti hili lichapishe hesabu hiyo, hata kama itaonyesha kwamba mimi nimekosea. Nikiwa nimekosea, bibi atafurahi. Nikiwa sikukosea, kila mwanafunzi atakwenda likizo na habari ya kumpelekea mama yake, na hiyo itakuwa zawadi kubwa kuliko biskuti za stendi.

Mimi nimo katika mwaka wangu wa mwisho, na mitihani ikiisha sitakuwapo kuhesabu mayai hayo. Nawaachia ndugu zangu wa kidato cha kwanza na cha pili. Msione haya kushika kuku. Wengi wetu tumeletwa hapa kwa mabawa yao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka yai sharti aingize mkono mfukoni, au angalau katika kichuguu.